Mahindi Kwanza

Mota ya misheni iliungua siku ya gulio, mbele ya wanawake waliokuwa wamekwisha kujipanga na vikapu vyao. Haikuungua kwa kishindo. Dominiko alishusha wenzo, mota ikanguruma, jiwe la mashine likakataa kugeuka, na kabla hajauwahi wenzo kuurudisha juu, moshi wa kijivu ulikuwa umeshatoka kwenye matundu ya ubavuni. Mwanamke wa mbele akaziba pua kwa ncha ya kaniki yake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Haya basi, turudi tukatwange."

Wakarudi. Wengine walitoka Mlali kukiwa bado na umande, na kurudi nyumbani na mahindi yale yale kichwani si jambo la kumfurahisha mtu. Hawakumtukana Dominiko. Walimpita tu, mmoja baada ya mwingine, na hilo lilimchoma kuliko matusi, maana alikuwa amezoea kila anayepita amwite fundi.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, reli ikiwa imeshafika Morogoro na kuendelea na safari yake, na misheni ile ndogo ya milimani ilikuwa na kitu ambacho watu walitoka mbali kuja kukishangaa. Maporomoko ya mto yalikuwa ndani ya korongo, mahali ambapo mtu hafiki na mzigo. Kwa hiyo mtambo wa maji ulifungwa kule kule, na nguvu yake ikaletwa kwa nyaya mpaka kwenye kibanda kilichokuwa kando ya njia. Pale nyaya ziliingia kwenye mota, mota ikazunguka, na mkanda wa ngozi ukalizungusha jiwe la kusagia. Dominiko, ambaye hakuwahi hata kupanda gari moshi, ndiye aliyefundishwa kuviendesha vyote hivyo.

Padri Agustino alifika upesi, mikono yake ikiwa bado na udongo wa bustani. Alikuwa Mzungu wa makamo, Kiswahili chake kizuri kuliko cha makarani wengi, na watu walimpenda kwa tahadhari.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele. Ni mota tena?"

"Ni mota, Padri."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya masika, lawama ikatupiwa radi, na fundi wa Kidachi, ambaye watu walimwita Bwana Waya, akapanda kutoka Morogoro kuja kuisuka upya nyaya zake. Leo mbingu ilikuwa safi, hapakuwa na radi ya kusingiziwa.

"Uliiwasha kama ulivyofundishwa?"

"Nilishusha wenzo, Padri."

Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa jibu la swali lile. Padri Agustino aliungamisha watu miaka mingi, na jibu la namna hiyo alilijua.

"Nimeshatuma mtu akamwite Bwana Waya," alisema. "Akisema ni ubovu wa chombo, nitamshukuru Mungu. Akisema ni mkono wa mtu, boma watataka kujua ni mkono wa nani. Wanaogopa sana watu wanaoharibu mashine, na unajua wanavyowauliza. Mimi sitasema uongo kwa ajili yako. Una la kuniambia?"

Dominiko aliutazama mkanda uliokuwa umelegea. "Sina, Padri."

"Basi nipe ufunguo."

Ufunguo wa kibanda aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, chini ya shati, sambamba na rozari yake. Kuuvua kulimchukua muda kwa sababu viwili hivyo vilikuwa vimejisokota pamoja. Padri alisubiri, mkono wake umenyooshwa, na watoto wa shule waliokuwa wakipita wakasimama kutazama.

*

Nyumba aliyorudi haikuwa yake. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa akina mama. Mume huhamia kwa mkewe, hulima, hujenga, na hata akilima mpaka nywele zikageuka rangi, shamba ni la ukoo wa mke. Dominiko hakuona ubaya katika hilo, ndivyo alivyozaliwa akakuta. Lakini mashine ilikuwa kitu chake. Hakuna mjomba wa mtu aliyemgawia. Akiwa kibandani hakuwa mkwe wa Kristina wala mume wa Magdalena, alikuwa fundi, na jambo hilo lilimpendeza zaidi ya alivyokuwa tayari kukiri.

Magdalena alikuwa amekaa juu ya kigoda, tumbo lake kubwa, akichambua mboga. Mama yake, Kristina, alikuwa upande wa pili wa moto, amempa mkwewe mgongo kidogo kama heshima inavyotaka. Tangu arusi wawili hao hawakuwahi kusemezana moja kwa moja. Yakiwapo maneno, hupitia kwa Magdalena, hata kama wote watatu wanaota moto mmoja.

"Mwambie mume wako ale," alisema Kristina.

"Mwambie mama nimeshiba," alisema Dominiko.

"Umeshiba nini?" aliuliza Magdalena. "Habari zimeshafika. Padri amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nilishusha wenzo."

Magdalena aliweka mboga chini. Nyuma ya migomba ya nyumba ile kulikuwa na makaburi mawili mafupi, moja la mtoto wa kiume na moja la wa kike, na hakuna siku aliyokwenda kukata jani la mgomba asiyaone.

Bwana Waya alimfundisha Dominiko hivi: washa mota jiwe likiwa tupu, lizunguke, likishachanganya ndipo umimine mahindi kidogo kidogo, na jioni liache jiwe lisage mpaka limalize, uzime likiwa tupu. Mwaka mzima Dominiko alifanya hivyo bila kukosea. Halafu Magdalena akapata mimba hii ya tatu. Kila alfajiri sauti ya jiwe kusugua jiwe ilivuka bonde mpaka kitandani kwake, na pale milimani hakuna mwanamke asiyejua kwamba kinu hakitwangwi kitupu, wala mawe hayasagi bila nafaka kati yake, nyumba ikiwa na mwenye mimba. Kinachosaga kikikosa chakula, kitajitafutia chenyewe humo nyumbani. Hawakufundishwa hilo kwa maneno mengi. Walichapwa viganja utotoni kwa kuchezea mchi, ikatosha.

Kristina alivumilia, mwisho akasema, "Mwambie mume wako aweke mahindi kwanza." Dominiko, aliyechimba makaburi yote mawili kwa mikono yake, hakuuliza kwa nini. Tangu siku ile alizima mota jioni mahindi yangali yamo kati ya mawe, na asubuhi akaongeza mengine kabla ya kuwasha. Mota ililalamika lakini ilizunguka. Ikigoma, aliusukuma mkanda kwa mikono mpaka ikubali. Mahindi mabichi ya masika yaliiunguza mara ya kwanza, naye akanyamaza, radi ikabeba lawama.

"Mwambie Padri ukweli," alisema Magdalena. "Wakikupeleka boma watakuchapa kiboko, na mimi nitajifungua nikiwa sijui uko wapi."

"Nikimwambia ukweli, atauliza nani aliniambia. Utasimamishwa mlangoni mwa kanisa. Umesahau walivyomfanya Regina?"

Hakuwa amesahau. Regina alimpeleka mtoto kwa mganga, akasimamishwa nje ya mlango Misa baada ya Misa, na kila aliyeingia kanisani alimpita karibu kiasi cha kumgusa.

"Mwambie anitaje mimi," alisema Kristina bila kugeuka. "Mimi mlangoni pale nimeshasimamishwa tangu mlango haujawekwa bawaba."

"Mwambie mama siwezi kumtaja mkwe wangu mbele ya Wazungu."

"Mwambie hana akili."

"Amesikia, mama," alisema Magdalena, na kwa mara ya kwanza siku ile wote watatu wakacheka kidogo. Kisha moto ukapungua, na hakuna aliyekuwa ameamua lolote.

*

Bwana Waya alikuwa na jina lake la Kidachi, lakini hakuna aliyeweza kulitamka, na yeye mwenyewe alishalizoea hili la pili. Alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache. Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi za reli, chote kikiwa cha kazi.

Aliifungua mota akainusa kabla ya kuitazama. Akagusa nyaya zilizokuwa nyeusi, akatikisa kichwa. Padri Agustino alisimama karibu naye, na Dominiko akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kwenye nyumba ya mwenzake. Nje, juu ya kingo za njia, wanawake walikuwa wamekaa na vikapu wakisubiri kusikia kama watasagiwa.

"Hapana radi," alisema Bwana Waya. "Hapana maji. Hii imetaka kuanza, imeshindwa."

Aliona uso wa Padri haujaelewa, akachuchumaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi la unga.

"Mota iko namna mbili. Hii moja, ndani iko fimbo za shaba, kama kizimba cha kuku. Hapana brashi, hapana cheche. Ndani ya nyumba ya unga ni nzuri sana, sababu unga ukiruka hewani unashika moto kama baruti. Hata usipoitunza inafanya kazi. Lakini kuanza, dhaifu. Ikikuta mzigo mzito inanguruma tu, inasimama, inaungua." Akachora tena. "Ya pili iko pete za shaba na brashi, na sanduku lenye wenzo. Unasogeza wenzo polepole, nguvu inapanda polepole. Hii inaanza na mzigo mzito. Lakini brashi inalika, pete inataka kufutwa, cheche iko. Na bei, juu."

"Nawe ukatuchagulia ya kizimba," alisema Padri.

"Nilikuuliza: mashine inaanza tupu ama na mzigo? Wewe ukasema, tupu."

"Nilisema tupu. Ndivyo mashine zote za kusaga zinavyoanza."

"Basi nilichagua sawa."

"Ulichagua sawa."

Bwana Waya aliomba mtaimbo. Yeye na Dominiko wakalinyanyua jiwe la juu, na kazi ile ya pamoja ilikuwa ngumu kwa Dominiko kuliko uzito wa jiwe, kwa sababu alijua kilichomo. Kati ya mawe mahindi yalikuwa yameshindiliwa, yenye unyevu, yameshaanza kuchacha.

Bwana Waya akachota kidogo, akampa Padri kiganjani. "Hii si tupu."

Padri Agustino aliyatazama yale mahindi muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akidanganywa huumia kwa namna yake.

"Dominiko."

"Ni mimi, Padri. Nilikuwa naweka mahindi kwanza."

"Kwa nini?"

"Ni ujinga wangu."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza kwa nini."

Dominiko angeweza kusema alitaka kuwahi foleni, alikwisha kulipanga neno hilo njiani, na huenda lingepita. Ila lingempeleka moja kwa moja kwenye uzembe, na kutoka kwenye uzembe mpaka boma hapakuwa mbali.

"Ni kwa ajili yangu, Padri."

Magdalena alikuwa mlangoni, ameshika nguzo, anahema kwa ule mlima. Mama yake alikuwa nyuma yake. Aliyasema yote, kwa maneno machache na bila kupamba: sauti ya jiwe alfajiri, kinu kitupu, mimba. Hakumtaja mama yake, wala Kristina hakumwacha amfiche. "Mwambie Padri neno la mahindi lilitoka kwangu," alisema kwa nyuma.

Mashavu ya Padri Agustino yakawa mekundu. "Magdalena, nilikubatiza kwa mikono yangu hii."

"Na watoto wangu uliwazika kwa mikono hiyo hiyo, Padri. Sikuja kubishana na dini. Sala zote nasali. Lakini jiwe lile likilia tupu mimi silali, na mume wangu aliona silali. Basi."

Bwana Waya alimuuliza Padri kitu kwa Kidachi, na Padri akamtafsiria bila kumtazama. Wengi pale walitegemea fundi yule acheke. Hakucheka. Alitoka nje na unga wake mikononi, akasimama mbele ya wale wanawake wa vikapu.

"Ninyi. Nani hapa anaweza kutwanga kinu tupu, nyumba iko mimba?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akakohoa. Wakristo walikuwamo, na Waislamu wa kutoka bondeni walikuwamo, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Bwana Waya akarudi ndani.

"Ukimfukuza huyu, utaleta nani?"

"Mtu atakayetii," alisema Padri.

"Huyu alitii mwaka mzima, mpaka mke akapata mimba. Wa pili naye ataoa." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi nachagua mota kwa kazi. Nilijua maji, nilijua jiwe, nilijua waya. Hapa mashine inaanza na mzigo. Hiyo ndiyo kazi yake, na mimi nilikuwa sijui. Nikifunga kizimba tena, itaungua tena. Hapa inataka mota ya pete. Tutajenga ukuta, mota upande huu, unga upande ule, cheche isione unga."

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko. Puli ya pili, mota inaanza peke yake, halafu mtu anasukuma mkanda kwa mkono uhamie. Nimefunga hiyo kwenye mashamba ya mkonge." Akaonyesha kwa ukingo wa kiganja mahali mkono wa mtu mmoja ulipokatika kule. "Hapana."

Padri Agustino akaenda mlangoni. Kutoka pale alikiona kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti mbele ya kanisa, ambacho walikigonga kwa nyundo kuwaita watu Misa. Kila mtu pale misheni alijua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akikusanya fedha ya kengele, na kila mtu alijua sauti ya kipande kile ilivyomkera.

"Bei yake ni kiasi gani?" aliuliza, na Bwana Waya alipomjibu, kwa Kidachi, alikitazama tena kile kipande cha reli.

"Basi tutaendelea kugonga reli," alisema mwishoni.

"Na boma?" aliuliza Bwana Waya.

"Boma utawaambia nini?"

"Mota haikufaa kwa kazi," alisema Bwana Waya. "Si uongo."

Dominiko aliegemea jiwe. Alitaka kushukuru, lakini Padri alimnyooshea kidole kabla hajafikia maneno.

"Habari ya mota tumemaliza. Ile nyingine hatujamaliza. Ninyi wawili mtasimama mlangoni mwa kanisa mpaka mota ifike. Nawe, Dominiko, ulinitazama usoni ukaniambia huna la kusema."

"Ndiyo, Padri."

"Hilo ndilo lililoniuma."

*

Walisimama. Jumapili ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko walivyodhani. Watu walipita wakijifanya wanatafuta rozari zao mifukoni, na mke wa katekista akavuta kitambaa chake ili kisimguse Magdalena. Dominiko alikaza macho kwenye sakafu ya udongo. Miguu ya Magdalena ilikuwa imevimba, na hakuna aliyethubutu kumpa kiti.

Jumapili iliyofuata Kristina alipita, akaingia, akapiga goti mbele ya altare kama kawaida, kisha akatoka tena akasimama upande wa pili wa binti yake. Hakuamriwa na mtu. Magdalena alimwegemea mpaka mwisho wa Misa. Padri Agustino alipogeuka kuwabariki watu aliwaona watatu badala ya wawili, na mkono wake ulikawia hewani.

Mashine ikiwa kimya, vinu vilisikika bonde zima. Wanawake walitwanga asubuhi, wakatwanga jioni, na kila mwenye kiganja kilichochubuka alijua ni kwa sababu ya nani. Dominiko alilima shamba la ukoo wa mkewe na hakuitwa fundi na mtu.

Mota ya pete ilipatikana Dar es Salaam, si mpya. Ikaja kwa gari moshi mpaka Morogoro, na kutoka pale ikapandishwa mlima kwa mabega ya watu, imening'inizwa kwenye mti mrefu kama mnyama wa mawindo. Siku ya kuijaribu, kibanda kilijaa. Magdalena alikuwa amekaribia kabisa, hata mama yake alimkataza asije, naye akaja. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

Ukuta wa matofali ulikuwa umejengwa. Kupitia tundu dogo ulipita mhimili wa kuzungusha puli, na upande wa unga lilifungwa sanduku jeusi lililozibwa kote, lenye wenzo. Bwana Waya alikagua kila kitu, akampisha Dominiko.

"Kwanza tupu," alisema. "Mota mpya inajaribiwa tupu kwanza, mkanda na jiwe. Ndiyo kawaida."

Dominiko alishika wenzo lakini hakuusogeza. Alimtazama mkewe. Magdalena alikuwa ameinamisha uso, mikono yote miwili juu ya tumbo, na wanawake waliokuwa karibu naye walimsogelea, hata wale waliomwonea mlangoni mwa kanisa. Kama angesema neno lolote angemrudisha mumewe pale pale alipotoka, na mota hii ilikuwa imeshakula kengele ya kanisa. Hakusema. Dominiko alijua hawezi kukataa mbele ya Padri, na alijua hawezi kuusogeza.

Padri Agustino alikuwa amesimama karibu na vikapu. Aliinama, akatumbukiza viganja vyote viwili kwenye kikapu cha mtu, akavijaza mahindi, akaenda mpaka kwenye mdomo wa mashine akayamimina. Punje chache zilianguka chini. Akaziokota, nazo akazitia.

Bwana Waya alimtazama kwa mshangao. "Padri, kawaida ni tupu kwanza."

"Ijaribu na mzigo," alisema Padri Agustino. "Si ndiyo maana tumeinunua?"

Bwana Waya alifikiri, akainua mabega, akamwashiria Dominiko.

Dominiko alisogeza wenzo hatua ya kwanza. Nyuma ya ukuta mota ilivuta pumzi, mkanda ukakaza. Hatua ya pili, jiwe likastuka. Akasubiri kama alivyoelekezwa, akasogeza tena, na jiwe likaanza kugeuka zito zito, kisha likashika mwendo, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, sauti ya jiwe lililoshiba. Unga ukaanza kudondoka. Magdalena akainua uso. Alikuwa analia, na hakujificha.

Kristina alisogea mbele, akakinga kikapu chake mpaka kikashika unga wa kwanza kufunika chini. Padri alikuwa amesimama kando yake, kiasi cha kuguswa na bega. Kristina hakumtazama. Aligeuza uso pembeni kwa heshima, kama anavyofanya akiwa na mkwewe, akamwambia binti yake.

"Mwambie Padri huu ni wake. Aje tumsongee ugali."

Magdalena aligeuka, akafungua kinywa kuufikisha ujumbe, lakini Padri Agustino alikuwa ameishi milimani siku nyingi. Naye alikuwa ameshageuza uso wake upande wa pili, akitazama ukuta.

"Mwambie mama nimesikia," alisema. "Nitakuja."